Roshani Ile Msiizibe

Mama alipopangiwa siku ya upasuaji wa mtoto wa jicho katika hospitali ya KCMC, Moshi, swali lililozua ubishi nyumbani Babati halikuwa nauli wala nani atabaki na ng'ombe. Lilikuwa moja: mtalala wapi? Kaka alikuwa na jibu lake tayari. Alisema huko juu Shanty Town, karibu na hospitali, kuna nyumba za wageni mpya zenye geti, bustani, maegesho na utulivu wote anaouhitaji mgonjwa. Mimi nikasema tunalala mjini kati. Tulivutana kwa simu siku mbili, na kwa kuwa anayesafiri na mama nilikuwa mimi, nikashinda. Kaka hajakubali mpaka leo. Najua wenye mawazo kama yake ni wengi, ndiyo maana naandika.

Hoteli yenyewe siitaji jina. Iko mitaa miwili kutoka mnara wa saa, kwenye jengo la ghorofa mbili la enzi za wafanyabiashara wa Kihindi: chini maduka na baraza yenye nguzo, juu vyumba, na mbele ya vyumba vya juu roshani ndefu inayotazama barabara. Tulilipa shilingi 65,000 kwa usiku, chumba cha vitanda viwili, choo na bafu ndani, kifungua kinywa humohumo. Si gesti ya kukagua shuka kabla hujaweka begi, wala si hoteli ya wapanda mlima yenye bwawa la kuogelea. Ni bei ambayo mwalimu, muuguzi, mwuza mitumba au familia iliyoleta mgonjwa inaweza kuilipa siku tatu nne bila kuuza mbuzi. Hoteli za bei hii hazizungumzwi sana. Za kifahari zina watangazaji wake, na za bei ya chini hazihitaji kutangazwa. Hizi za kati ndizo sisi tunazolala, na ndizo zinazokalia nyumba za zamani za miji yetu.

Niseme kwanza kilichonifurahisha. Kuta nene. Dari iko juu sana, feni inazunguka taratibu, na Moshi, watu husahau, mchana ni mji wa joto hata kama theluji inaonekana. Chumba kile kilikuwa baridi saa nane mchana bila kiyoyozi chochote. Sakafu ni ya saruji nyekundu iliyosuguliwa miaka mingi mpaka inang'aa yenyewe. Madirisha ni ya mbao, unayafungua mabawa mawili na sauti za mtaani zinapanda: cherehani za mafundi waliokaa kwenye baraza, mwuza karanga, bodaboda, wanafunzi wakitoka shule. Mama alikuwa amefungwa jicho moja na lile jingine halioni vizuri. Kwake sauti zile zilikuwa ndiyo dirisha. "Hapo kuna mafundi wanne," aliniambia siku ya kwanza, "na mmoja cherehani yake inataka mafuta." Nilichungulia. Walikuwa wanne.

Kule kwenye utulivu wa kaka angesikiliza nini?

Mama anaijua Moshi kwa sababu nyingine pia. Mwaka 1974 alisoma kozi katika Chuo cha Ushirika, kile kilichoanza 1963 na siku hizi ni chuo kikuu. Jumamosi yeye na wenzake walishuka mjini kwa miguu, wakatazama vitambaa madukani, wakapita mbele ya jengo la KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kama wanafunzi wa seminari wanavyopita mbele ya kanisa kuu. Siku ya pili ya safari yetu aliomba nimpeleke pale. Kutoka hotelini ni mwendo ambao mama wa miaka 72, amenishika mkono, jicho limefungwa, aliumudu bila kupumzika njiani. Tulisimama kivulini karibu na mzunguko wa mnara wa saa akaanza kunisimulia, na kwa mara ya kwanza nikaelewa alichokisomea.

Maana mji huu tunaouita Moshi ulikuja na reli. Makao ya Mangi (yaani chifu) Rindi, na baada yake mwanawe Meli ambaye Wajerumani walimnyonga Machi 2, 1900, yalikuwa juu mlimani, Old Moshi. Wajerumani walipoleta reli kutoka Tanga, kilomita 350 hivi, waliishia chini kwenye tambarare mwaka 1911, na jina la Moshi likateremka pamoja na kituo. Maduka yakaifuata reli, na kilichoyajaza wateja ni kahawa. Wakulima wa Kichagga, akiwemo Joseph Merinyo, waliunda chama chao cha wapanda kahawa mwaka 1925 wakati walowezi walikuwa hawataki kabisa Mwafrika alime zao lile. Kutoka humo, mwanzoni mwa miaka ya 1930, ikazaliwa KNCU. Kwa hiyo ukitembea Moshi mjini, zile nguzo na roshani unazoziona, hata kama fundi na mwenye duka alikuwa Mhindi, fedha iliyozungushwa mle ilitoka kwenye vihamba, mashamba ya Wachagga ya migomba na kahawa, kule juu mlimani. Mama alipomaliza chuo alienda kufanya kazi ya ushirika kwetu. Mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu vyote. Viliporudishwa 1984 yeye alikuwa ameshahamishiwa kazi nyingine na ana watoto wanne. Yote haya nimeyasikia nikiwa mtu mzima, nimesimama barabarani, kwa sababu tu tulilala mahali ambapo tungeweza kutoka nje kwa miguu.

Kesho yake hospitali wakamfungua bandeji. Jioni alikaa kwenye roshani na miwani yake meusi, mlima umejificha mawinguni kama kawaida yake, na mimi nikamsikitikia kwamba hatauona. Hakuwa akiutafuta. Alikuwa akitazama jengo la ng'ambo ya barabara, juu kabisa kwenye ukingo wa paa, ambapo wajenzi wa zamani walikuwa na desturi ya kuchora mwaka. "Elfu moja mia tisa thelathini na sita," akasoma. Ilikuwa miaka miwili hajasoma tarakimu ya kalenda bila kusogeza uso mpaka ukutani. Akarudia: thelathini na sita. Nilimwacha peke yake kidogo.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Asubuhi ya mwisho nilizungumza na mwenye hoteli, mzee mstaarabu, akanieleza mipango yake. Anataka kuiziba roshani ile yote kwa alumini na vioo apate vyumba vinne zaidi. Madirisha ya mbao yataondoka, yaje ya kusukuma. Dari itashushwa kwa jipsamu, sakafu itawekwa vigae vyeupe. "Wateja wanataka kisasa, mwanangu," alisema.

Simlaumu. Biashara ni yake, mkopo ni wake, na vyumba vinne ni fedha. Lakini ni yeye huyohuyo aliyeniambia, dakika tano kabla, kwamba vyumba vinavyojaa kwanza ni vya mbele, vyenye roshani, na vya nyuma hubaki mpaka mji ufurike. Sikiliza wateja wako basi, mzee wangu. Tumeshakueleza kwa pesa zetu tunachokitaka. Vigae vyeupe na jipsamu viko katika kila hoteli mpya kuanzia Majengo mpaka Boma Ng'ombe, na huko kuna maegesho mapana ambayo wewe huna na hutapata. Ukishindana nao kwa vigae utashindwa. Ulichonacho wewe ni roshani ile na mtaa ulio chini yake, na hivyo hakuna anayeweza kuvijenga upya.

Wala asidhani kuna mtu atakayekuja kumzuia. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Lililojengwa baadaye linalindwa likitangazwa rasmi. Mwaka 1863 pale penye mnara wa saa hapakuwa na mji wowote! Ina maana mtaa mzima wa mama, na lile jengo la 1936, hauna ulinzi wa mwaka ule hata kidogo. Mlinzi wake ni mwenye nyumba, na mwenye nyumba hulinda kile kinachomwingizia riziki. Ndiyo maana nasema kulala mjini kati si suala la kupenda tu mambo ya zamani. Kila familia inayolipa usiku tatu kwenye jengo kama lile inampa mwenye jengo sababu ya kupaka rangi badala ya kuita tingatinga. Tukihamia wote kwenye mageti ya pembeni, tutarudi siku moja tukute ghorofa za vioo, kisha tuanze kuhuzunika kana kwamba hatukuhusika.

Kuna jambo jingine nililomwambia mzee yule, na hapa sikuwa mpole sana. Kahawa.

Huu ni mji ambao kwa miaka mingi kahawa ya nchi nzima ililetwa kupigwa mnada. Kiwanda cha kukobolea kipo mjini. Vihamba vya arabika unaviona ukipanda daladala nusu saa. Halafu asubuhi kwenye chumba cha chakula unakuta chupa ya maji ya moto na kopo la kahawa ya unga, kijiko kimesimama ndani! Mama alikitazama kijiko kile, akaomba chai. Hatua ishirini nje ya mlango, barazani, yupo mwuza kahawa na buli lake juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo kwenye ndoo, kashata kwenye sahani, na wazee wamemzunguka toka adhana ya alfajiri. Niliazima chupa jikoni, nikashuka, nikarudi nayo imejaa. Watu wa meza mbili za jirani wakaniuliza nimeitoa wapi. Hoteli ile haihitaji mashine ya kutoka Italia. Inahitaji kukubaliana na yule mzee wa buli apande ngazi kila asubuhi, au kumwambia mpishi anunue kahawa iliyokaangwa, aitwange na kuichemsha.

Na mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama wa Kichagga, vilevile. Nilipouliza, mama wa jikoni alisema wageni hawaupendi, wanataka soseji na mkate wa kuoka. Wageni gani? Siku ile chumbani mle walikuwa wafanyabiashara kutoka Tanga, kijana aliyekuja kwenye usaili, sisi, na Wazungu wawili tu. Kesho yake akaupika kwa hisani yake, sufuria ndogo, na ulikwisha kabla ya soseji. Wale Wazungu wawili walirudia.

Dosari zilikuwepo na sitazificha, maana kaka atasoma hapa. Ngazi ni nyembamba na upande mmoja hauna pa kushika. Binti wa mapokezi alipomwona mama tu, baada ya shikamoo, alitubadilishia chumba tukapewa cha ghorofa ya kwanza, lakini si kila mzee atakutana na binti kama yule. Bomba la kushikia ni kazi ya fundi wa kuchomelea siku moja. Kifungua kinywa kinaanza saa moja na nusu, wakati mwenye kliniki anatakiwa awe kwenye foleni saa moja kamili; tukawa tunafungiwa chapati na yai kwenye hotipoti tukaondoka nazo. Na Ijumaa baa ya mtaa wa pili ilipiga muziki mpaka saa nane usiku. Hilo lilinikera kweli, na ni la manispaa kulishughulikia kama wanataka watu waendelee kulala katikati ya mji.

Lakini mambo hayo yote yanatengenezeka. Umbali wa kutoka geti la Shanty Town mpaka kwa mafundi wa barazani hautengenezeki. Kuhusu usalama ambao kaka anausisitiza, usiku wote mlangoni alikuwepo mlinzi, mtaani taa zinawaka, na watu wanakujua sura ifikapo siku ya pili. Fundi wa cherehani iliyokuwa inataka mafuta alimshonea mama mfuko wa miwani kwa kipande cha kitenge, hakutaka pesa.

Jicho la pili limepangiwa Novemba. Nimeshapiga simu kushika chumba namba saba, cha mbele. Binti wa mapokezi amesema mafundi wa alumini bado hawajaitwa, mzee anafikiria.