Buku la Shangazi na Kuki Zangu

Shangazi yangu ana mgahawa Chikongola, hapa Mtwara mjini: meza sita, paa la bati, na sufuria la supu ya pweza ambalo saa moja asubuhi limeshawaita watu kwa pua. Hesabu zake zote ziko kwenye kaunta buku lenye jalada jeusi, limefungwa kwa mpira wa baiskeli, na kalamu mbili: bluu kwa aliyelipa, nyekundu kwa aliyesema "kesho".

Mimi ndiye mtaalamu wa ukoo. Nilirudi kutoka Dar mwezi wa kumi, malori ya korosho yameanza kushuka kutoka Newala na Masasi, mji una hela, nikaliona lile buku nikaona aibu kwa niaba ya familia nzima.

"Shangazi, dunia imehama."

"Imehamia wapi, baba?"

"Mtandaoni."

Akageuza pweza, akasema hao walioko mtandaoni wakisikia njaa wanakuja kula hapahapa. Lakini alikubali, nadhani kwa kuwa mtoto wa kaka yake kukaa kibarazani bila kazi ni aibu kubwa kuliko buku.

Mpango ulikuwa rahisi. Mteja anamtumia shangazi hela kwa simu, shangazi anamrudishia namba ya vocha, mteja anaiingiza kwenye tovuti, salio linapanda. Akiagiza sahani, linashuka. Swali likawa moja: salio likae wapi? Mwenye akili zake angeliweka kwenye hifadhidata, daftari la upande wetu. Mimi nilikuwa nimepanga seva, kompyuta ya kubeba tovuti, ya bei ya chini kuliko zote, na usiku huohuo nilikuwa nimesoma kwamba unaweza kuweka kila kitu ndani ya kuki, hiyo ambayo watu wa kamusi wanaiita kidakuzi. Kivinjari cha mteja kinakutunzia, seva yako haibebi kitu. Nikaweka jina, salio, na orodha ya vyote alivyokula mtu tangu ajiunge.

"Kuki?" shangazi akashtuka. "Mimi siuzi biskuti."

Nikamweleza kwamba ni kama kikaratasi ambacho seva inampa mteja, naye anakirudisha kila akija. Kwamba kilibuniwa 1994 na Mmarekani Lou Montulli, akiwa Netscape, kampuni ya kutengeneza kivinjari, kwa sababu kulikuwa na duka la mtandaoni linajengwa na wenyewe hawakutaka seva yao ikae imebeba kapu la kila mteja ambaye hajamaliza kununua.

"Huyo Lui ana mgahawa?"

"Sidhani, shangazi."

"Haya."

Msinione mjinga kabisa. Mwanzoni nilizigeuza zile data kwa Base64, namna ya kuziandika kwa herufi nyingine, zikawa hazisomeki, nikafurahi kama saa nzima kabla ya kukumbuka kwamba Base64 si kufuli, ni mwandiko tu. Yeyote anaugeuza nyuma kwa sekunde moja. Basi nikazisaini kwa HMAC, saini ya kompyuta. Seva inachukua yaliyomo kwenye kuki, inayachanganya na ufunguo wa siri inaoujua yenyewe, inatoa mhuri. Mteja akibadilisha 5,000 kuwa 50,000, mhuri unamkana. Nikaiwekea kuki ulinzi wa HttpOnly ili programu za JavaScript ndani ya ukurasa zisiiguse, Secure ili isipite nje ya HTTPS, njia iliyofungwa, SameSite ili tovuti za watu wengine zisiitumie kiujanjaujanja. Nikalala usingizi wa tajiri.

Wiki ya tatu akanijia dereva wa lori, mtu mzima, kofia mkononi.

"Fundi, hela yangu haiishi."

Tangu Jumatatu anakula asubuhi, mchana na jioni, salio limeganda kwenye 12,000. Nikamwambia labda ni baraka. Akaniangalia vile mtu anavyomwangalia mganga wa uongo, akasema yeye hali haramu. Nikafungua mashine. Yule bwana alikuwa amekula kiasi kwamba orodha ya vyakula vyake imeivusha kuki baiti 4096, na kivinjari hakipokei kuki nene hivyo. Hakikulalamika wala nini. Kiliitupa ile mpya kimyakimya, kikaendelea na ya zamani yenye salio nono.

Nikaifuta orodha, nikamwomba radhi, akalipa sahani zake zote kwa kumbukumbu ya tumbo. Hapo mtu mwenye akili angejiuliza: kama kuki ya zamani imekubalika kwa bahati mbaya, mtu akiileta kwa makusudi je? Sikujiuliza. Nilipanda bodaboda nikaenda Feri kununua samaki aina ya changu.

Sasa, mkabala na mgahawa kuna steshenari, na ndani yake kulikuwa na kijana wa kutoa fotokopi, mwembamba kama waya wa chaja. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja alinunua vocha moja ya 10,000. Mwishoni mwa mwezi wembamba umekwisha. Aliyegundua ni shangazi, na hakugundua kwenye kompyuta, aligundua kwenye shati: vifungo vilikuwa vinaomba msaada.

"Baba, huyu mtoto amelipa mara moja tu. Supu amekunywa 24."

Nikasema haiwezekani, kuki zina mhuri. Nikavuka barabara na kifua mbele. Kijana hakukataa, tena alionekana kama mtu aliyekuwa anasubiri kwa hamu kuulizwa. Akabonyeza F12, kitufe cha kufungulia matumbo ya kivinjari, akanionyesha. Siku ile alipoongeza vocha, kabla hajaagiza chochote, aliinakili kuki yake yenye 10,000 akaiweka kwenye faili. Anaagiza, anakunywa, salio linashuka. Kesho yake anaibandika ile ya kwanza, salio limerudi. Hajagusa hata herufi, kwa hiyo mhuri hauna neno. Faili lenyewe alilipa jina riziki.txt.

Na zile HttpOnly na ndugu zake? Zinamlinda mteja asiibiwe na wengine. Kumlinda shangazi dhidi ya mteja aliyekaa mbele ya kivinjari chake mwenyewe, hiyo si kazi yake.

Nilipata hasira ya kitaalamu, ambayo ni mbaya kuliko ya kawaida. Nikarudi, nikafungua seva, nikabadilisha ufunguo wa siri ili ile riziki ife palepale. Ilikufa. Ila ufunguo ukibadilika, kila kuki iliyosainiwa kwa ule wa zamani inageuka takataka, si ya kijana peke yake, na hilo lilinijia kama sekunde kumi baada ya kubonyeza. Kisha likanijia la pili: salio la watu halikuwa kwenye seva. Halikuwa popote duniani isipokuwa ndani ya zile kuki.

Ilikuwa Ijumaa. Watu ndio kwanza wanatoka msikitini.

"Mbona sifuri?"

"Mimi jana tu nimeweka elfu ishirini!"

Mwalimu mmoja mstaafu aliinua miwani, akaisogeza simu mbali na uso, akasoma kwa sauti ya kutangaza matokeo ya darasa la saba: "Si-fu-ri." Wa bajaji wakaacha bajaji katikati ya njia. Yule dereva wa lori naye alikuwepo, akanitafuta kwa macho mpaka akaniona nyuma ya jokofu.

"Fundi, ile baraka ndiyo umekuja kuichukua?"

Shangazi akapangusa mikono kwenye kanga. Akainama chini ya kabati la vyombo, akatoa buku jeusi, akalivua mpira. Kila vocha aliyotoa tangu mwezi wa kumi ilikuwa humo: tarehe, jina, shilingi. Chini ya kila jina, kila sahani iliyotoka jikoni. Nusu saa, kila mtu kapata salio lake na sahani yake, na hakuna aliyebisha hata senti.

"Nilikuwa naandika tu," alisema. "Umeme wenyewe huu wa kukatikakatika."

Jioni akanikalisha nimweleze, huku anapaa samaki.

"Kwa hiyo buku langu ulimpa mteja akae nalo."

"Ukurasa wake tu, shangazi. Na niliugonga mhuri."

"Mhuri wa lini?"

Nikanyamaza.

"Ana ukurasa wa Jumatatu, una mhuri wangu, unasema ana elfu kumi. Alhamisi anauleta. Mhuri ni wangu kweli, sikatai. Sasa mimi nitajuaje ameshakula, na buku analo yeye?"

Kwenye fani yetu hilo lina jina refu na watu wanalisomea. Nikajitetea kwamba ningeweza kuusimba ule ukurasa, usisomeke kabisa.

"Kwani alihitaji kuusoma?"

Magamba yakaendelea kuruka. Usiku ule nilihamishia salio kwenye hifadhidata. Kuki ya sasa ina namba moja tu, ndefu, isiyokisika; salio liko upande wetu, na mtu akitoka, namba inafutwa hukuhuku. Airudishe kesho, haifungui kitu.

Kijana wa steshenari hakufukuzwa. Shangazi alimwambia kila Jumamosi aje ajaribu kula bure. Akiweza, supu ni yake. Nilicheka sana, mpaka nilipopita karibu na buku nikaona ukurasa mpya wenye jina langu, kwa kalamu nyekundu: supu 21. Tatu alizitoa, maana zile zilifunikwa na vocha.

Nikauliza mbona deni nimeandikwa mimi na siyo kijana.

"Yeye alikuja na mhuri halali," alisema.

Korosho za msimu mwingine zimeshaanza kuanguka. Zimebaki supu nane.