Mzigo wa kuthibitisha uwe kwa upande wa mashtaka

Katika makala yenu kuhusu rufaa za jinai, mmeeleza vizuri kwamba kosa la mahakama katika kuendesha kesi, peke yake, halifuti hukumu. Kifungu cha 382 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai ya Kenya kinataka ionekane haki ilipotea. Sikatai. Tarehe ikikosewa kwenye hati ya mashtaka na kila mtu anajua kesi ni ya nini, mwizi asiachiliwe.

Lakini haki ya Katiba ni jambo jingine. Nilikaa benchi la nyuma katika mahakama moja huku magharibi, mjomba wangu akiwa kizimbani. Mzee anajua Kibukusu tu. Shahidi alieleza kwa Kiswahili, mkalimani hayupo, ingawa Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa bila malipo. Alipoulizwa kama ana maswali, akatikisa kichwa. Ikaandikwa: hana maswali. Sasa majaji wa rufaa Kisumu watapimaje maswali ambayo hayakuulizwa?

Marekani, tangu Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Chapman mwaka 1967, ni upande wa mashtaka unaopaswa kuthibitisha, pasipo shaka ya maana, kwamba kosa la kikatiba halikuchangia hukumu. Nasi tufanye hivyo, tusimwachie mfungwa mzigo huo. Mfungwa aliye ndani mara nyingi hana hata nakala ya mwenendo wa kesi yake.