Kabla ya kuhesabu injini, tuhesabu futi

Ami yangu wa Kikwajuni hapandi "panzi". Ndilo jina alilozipa ndege ndogo zenye pangaboi moja puani, zile zinazotoka Jengo la Kwanza la Abiria pale Uwanja wa Julius Nyerere na kufika Unguja kwa dakika 20 hivi. Kila ikisikika kwamba ndege ndogo imetua kwa dharura kwa sababu ya hitilafu ya injini, simu yangu inaita. "Sikukwambia mie? Chombo kina roho moja, ikikatika mtashika wapi?"

Hapa Dar hoja hiyo ina wafuasi wengi, na sioni sababu ya kuibeza. Ndege ya Unguja huuacha ufukwe maeneo ya Kunduchi, na kuanzia hapo ni zaidi ya kilomita 40 za maji. Ukizimikiwa juu ya Pugu unaweza kubahatisha shamba. Katikati ya mkondo hakuna cha kubahatisha. Ulaya nayo kwa miaka mingi haikuruhusu kwa ujumla ndege za injini moja kubeba abiria kibiashara usiku au mawinguni. Ililegeza mwaka 2017.

Kilichoilegeza ndicho wanachokisema wanaoitetea injini moja: turbini huzima kwa nadra. Panzi wa ami mara nyingi ni Cessna Caravan, na injini yake ni turbini ya aina ya PT6, ukoo uliokuwepo tangu miaka ya 1960. Ndani yake hewa inabanwa, mafuta yanaungua mfululizo, mhimili unazunguka. Hakuna pistoni zinazopanda na kushuka. Ndege ndogo za binafsi nyingi zina injini za pistoni, na hizo zina maradhi yake. Kuna moja ambalo watu wa pwani hawaliamini: kabureta kuganda barafu. Petroli inapogeuka mvuke hupoza hewa ghafla, na unyevunyevu wetu huu unaweza kuganda ndani ya kabureta hata asubuhi ya nyuzi 25, mpaka injini ikakohoa na kuzima. Ongeza maji yaliyojipenyeza kwenye tangi, na rubani aliyekadiria mafuta vibaya. Mambo hayo hayajali una injini ngapi.

Halafu hiyo injini ya pili yenyewe. Marubani wana utani kwamba kazi yake ni kukufikisha mahali pa ajali. Katika ndege ndogo ya pistoni, injini moja ikifa unapoteza nusu ya nguvu, lakini uwezo wa kupanda juu unapungua kwa kiasi cha asilimia 80, kwa kuwa nguvu iliyobaki karibu yote inatumika kuishikilia ndege isishuke. Tena injini iliyo hai inavuta upande mmoja. Rubani akichelewa kukanyaga usukani wa mkia, ndege inapinduka. Mimi ndege ya aina hiyo, imejaa watu na mizigo kwenye joto la Februari, hainipi usingizi kuliko Caravan. Usiku ni habari nyingine. Injini moja juu ya bahari gizani, hapo niko na ami.

Mchana, swali langu la kwanza ni urefu. Injini ikizima ndege haidondoki kama nazi, inateleza. Tuchukue makadirio ya tahadhari: kila mita moja inayoshuka, inasonga mbele mita 10. Katikati ya mkondo uko kilomita 20 na ushei kutoka nchi kavu ya upande wowote, kwa hiyo unahitaji zaidi ya mita 2,000 za urefu, kama futi 7,000. Ukipita kwa futi 5,500 unateleza kilomita 17 tu. Inabaki sehemu ya katikati, kilomita saba hivi, ambako hufiki popote. Kwa mwendo wa Caravan hiyo ni dakika moja na nusu, ingawa rubani akianza kushuka mapema dakika zinaongezeka. Ndege ileile, injini ileile, ikipanda futi 2,000 zaidi hofu ya ami inapungua sana. Mafuta ya ziada ya kupanda huko si ya kumfilisi mtu.

Swali la pili ni boya la kuvaa. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopia iliyotekwa iliishiwa mafuta, ikaangukia baharini kando ya Ngazija, Komoro. Injini zote mbili zilikuwa zimezima. Kati ya watu 175 walikufa 125, na baadhi yao walikuwa wamejaza upepo maboya wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia yakawabana darini. Boya hujazwa ukishatoka mlangoni.

Ami yeye hupanda boti. Nikimkumbusha meli ya Spice Islander iliyozama Septemba 2011, na Skagit iliyotoka hapahapa Dar ikazama Julai 2012, hunyamaza kidogo, kisha hubadili mazungumzo.

Mwezi uliopita nilipanda panzi. Nilipimwa kwenye mizani pamoja na begi langu, nikapewa kiti cha mbele kando ya rubani. Nilimuuliza tutapanda futi ngapi. Akacheka, akanionyesha mshale uliotulia kwenye 5,500. Nikapiga hesabu yangu kimyakimya na kuitazama saa hadi dakika moja na nusu ikapita. Jioni nikamsimulia ami kwa majigambo kidogo, mita, futi na yote. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Vyema. Na hilo boya, ulilivaa?"

Lilikuwa chini ya kiti.