Programu Niliyoilipia Bado Inanidai Ufunguo
Inaniudhi sana kwamba programu ya kuchorea ramani za nyumba, niliyoinunua kihalali, haikubali kufunguka mpaka nichomeke nyuma ya kompyuta kifaa cha plastiki chenye pini 25, ambacho hukaa kati ya tundu la printa na waya wake ili programu ikiulize kila mara kama kipo. Pini moja imepinda. Nikikigusa kidogo tu, kila kitu kinasimama. Kompyuta mpya hazina tundu hilo, na adapta nyingi za USB zimeundwa kwa ajili ya printa tu, hivyo programu hukitafuta kifaa chake isikione. Walioiba nakala waliuondoa ukaguzi huo zamani, lakini mimi niliyelipa, kifaa kikifa, sina wa kuniuzia kingine, kwani kampuni iliyokitengeneza ilishafungwa.