Mabaraza ya majimbo ya Qing: nani hasa aliivunja dola?

Tarehe 14 Oktoba 1909, majimbo 21 ya Uchina yalifungua mabaraza yao kwa mara ya kwanza. Xinjiang pekee ndilo lililobaki nje. Miaka miwili baadaye dola ya Qing, ukoo wa mwisho wa kifalme wa Uchina, ilikuwa inameguka jimbo baada ya jimbo, na viongozi wa mabaraza hayo hayo walikuwa wakikalia viti vya serikali mpya. Ndiyo maana wapo wanaosema mabaraza ndiyo yaliyoiua dola. Hoja hiyo ina uzito, lakini naona imemkamata asiyehusika.

Tutazame wajumbe wa mabaraza walipewa nini. Kanuni za 1908 ziliruhusu baraza kujadili bajeti, kodi na mikopo ya jimbo, kwa kikao cha siku 40 kwa mwaka. Gavana, mteule wa Beijing, hakuwajibika kwao. Aliweza kukataa azimio, kulisimamisha baraza, hata kuomba livunjwe. Wakishindwa kuelewana, shauri lilipelekwa kwenye baraza la taifa mjini Beijing, ambako nusu ya wajumbe waliteuliwa na kiti cha enzi, na uamuzi wa mwisho ulikuwa wa kiti chenyewe.

Ubovu wa mpango huu ulionekana Hunan mwaka 1910. Gavana Yang Wending alitoa hatifungani bila kulishirikisha baraza, ingawa kanuni zilisema wazi kwamba mikopo ni shauri lao. Wajumbe walishtaki Beijing, na baraza la taifa likawaunga mkono. Jibu la mfalme likawa kwamba gavana alipitiwa tu, na hatifungani ziendelee. Kuanzia hapo hasira ya wajumbe haikuwa tena kwa Yang. Waligeukia washauri wakuu wa mfalme na kutaka wawajibishwe. Ugomvi wa fedha ambao ungeweza kumalizwa Changsha, makao makuu ya Hunan, ulifika mlangoni mwa mfalme, kwa sababu hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Wanaoyalaumu mabaraza wana ushahidi wao, na si wa kupuuzwa. Wapiga kura walikuwa kama milioni 1.7, chini ya nusu ya asilimia moja ya watu wote: wanaume wa miaka 25 na zaidi wenye elimu, cheo, au mali ya yuan 5,000. Wakulima wa Laiyang, Shandong, walioinuka mwaka 1910 dhidi ya kodi zilizoongezwa kwa jina la mageuzi, hawakuwa na msemaji humo ndani. Huko Sichuan, kampuni ya reli waliyoipigania vigogo wa baraza ilikuwa imekusanya mtaji kwa kukata sehemu ya kodi za mashamba, kisha sehemu ya fedha hizo ikapotelea kwenye hisa za kampuni za mashamba ya mpira mjini Shanghai. Serikali iliposema reli kuu zirudi mikononi mwake, haikusema upuuzi.

Lakini tazama namna ilivyofanya. Tarehe 8 Mei 1911 lilitangazwa baraza la mawaziri la watu 13, na tisa kati yao walikuwa Wamanchu, wengi wao wa ukoo wa kifalme. Siku iliyofuata reli zikataifishwa, bila mabaraza kuulizwa lolote.

Hofu ya Beijing naielewa. Tangu vita vya Taiping, uasi mkubwa wa katikati ya karne ya 19, magavana walikuwa wameshika majeshi na mapato yao wenyewe, na mwaka 1908 Mfalme Guangxu na Cixi, malkia mjane aliyeshika hatamu za dola, walifariki kwa kufuatana, wakaacha mtoto kwenye kiti na mlezi asiye na uzoefu, Zaifeng. Hata hivyo, magavana wenyewe hawakuwa upande wa kuyabana mabaraza kama tunavyodhani. Oktoba 1910 wengi wao, wakiongozwa na Xiliang, gavana mkuu wa Manchuria, walituma telegramu ya pamoja kuomba bunge liitishwe haraka. Huko Sichuan, Wang Renwen, aliyekaimu ugavana mkuu, alipeleka malalamiko ya wenye hisa wa kampuni ya reli Beijing na kuyatetea. Akakaripiwa, akabadilishwa na Zhao Erfeng. Kwangu hili ndilo kosa zito kuliko yote: daraja lilikuwepo, na wenye dola ndio waliolibomoa.

Tarehe 7 Septemba Zhao alimkamata spika wa baraza, Pu Dianjun, pamoja na wenzake, na askari wakaufyatulia risasi umati uliokuja kuwaombea. Vikosi vya Hubei vikapelekwa Sichuan kutuliza ghasia, na tarehe 10 Oktoba wanajeshi waliobaki Wuchang, mji mkuu wa Hubei, wakaasi.

Iwapo wajumbe wangetawala vizuri zaidi ni suala jingine, na hapa nakiri upande wa pili una nguvu. Mwishoni mwa Novemba Zhao alimkabidhi Pu madaraka ya Sichuan. Pu alikaa siku 12. Tarehe 8 Desemba, kwenye gwaride mjini Chengdu, askari waliodai mishahara yao waliasi mbele yake, wakaupora mji, naye akakimbia.