Tuhuma Zisizothibitishwa na Ajira Shuleni: Nani Apime, na kwa Mizani Ipi?

Mnamo Agosti 2002 wasichana wawili wenye umri wa miaka 10 waliuawa katika mji mdogo wa Soham, mkoani Cambridgeshire nchini Uingereza, na mtu aliyekuwa msimamizi wa majengo ya shule ya sekondari ya mji huo, Ian Huntley. Alipotiwa hatiani Desemba 2003 ndipo umma ulipofahamu kwamba kati ya 1995 na 1999, alipokuwa akiishi eneo la Humberside, alikuwa ametajwa mara kadhaa mbele ya polisi au maofisa wa ustawi wa jamii kwa tuhuma za ubakaji na za kufanya ngono na wasichana ambao hawajafikia umri wa kisheria. Hakuna tuhuma hata moja kati ya hizo iliyoishia katika hukumu. Kumbukumbu nyingine zilifutwa, nyingine zilibaki katika ofisi ambazo hazikuwa zikiwasiliana, na alipoomba kazi Soham mwishoni mwa 2001, jina lililochunguzwa lilikuwa lile jipya alilokuwa akilitumia, si lile lililokuwa na historia.

Kuanzia hapo, kila mjadala nchini humo juu ya uchunguzi wa watu wanaotaka kufanya kazi shuleni umeongozwa na kumbukumbu ya Soham, na ni vigumu kumlaumu mzazi anayeona kwamba tuhuma, hata isiyothibitishwa, ni afadhali ijulikane kuliko ifichwe. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Sir Michael Bichard ilitoa ripoti yake Juni 2004 na kuonyesha jinsi polisi walivyoshindwa kuhifadhi na kupashana habari. Sheria ya 2006 ikafuata, ikiwa na mpango mpana wa kusajili na kuchuja watu ambao kwa makadirio ya awali wangefikia milioni 11. Mpango huo ulionekana kuvuka mipaka, serikali mpya ikausimamisha mwaka 2010, na Desemba 2012 ikaanza kazi taasisi ijulikanayo kwa kifupi kama DBS, ambayo ndiyo inayotoa vyeti vya uchunguzi wa watumishi England na Wales hadi leo.

Cheti cha uchunguzi wa kina, ambacho ndicho kinachotakiwa kwa kazi nyingi za shule, hakiishii kwenye hukumu za mahakama. Mkuu wa polisi anaruhusiwa kuongeza habari nyingine zilizomo katika majalada yake, zikiwemo tuhuma ambazo hazikufikishwa mahakamani na hata kesi ambazo mshtakiwa aliachiwa huru. Hadi 2012, kwa upande wa uhusiano na kazi inayoombwa, ilitosha aone kwamba habari hiyo huenda ikahusika. Sasa anatakiwa aamini kwa sababu za msingi kwamba inahusika, na, kama ilivyokuwa hapo awali, aridhike kwamba inapaswa kuwekwa. Mwombaji akipinga, anaweza kupeleka malalamiko kwa mkaguzi huru aliyewekwa na sheria. Haya ni maboresho ya kweli, wala sitaki kuyadharau, lakini yamegusa namna habari inavyochaguliwa na kuacha bila jibu swali la kinachotokea inapotua mezani kwa mwajiri.

Kesi inayolionyesha vizuri swali hilo ni ya mwanamume ambaye mahakama ilimtambulisha kwa herufi AR tu. Alikuwa na sifa za ualimu, lakini kwa wakati huo alikuwa dereva wa teksi. Abiria mwenye umri wa miaka 17 alidai kwamba alimbaka, akashtakiwa, na Januari 2011 baraza la wazee wa mahakama likamwona hana hatia. Muda mfupi baadaye aliomba kazi ya kufundisha chuoni, na cheti kilipotoka kilieleza shtaka lile na kwamba alikuwa ameachiwa huru. Alikwenda mahakamani akidai kwamba kuachiwa huru kumekosa maana ikiwa tuhuma ileile inaendelea kumfuata kila anapoomba kazi. Alishindwa katika ngazi zote, na Julai 2018 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba polisi hawakuvunja haki zake. Hata hivyo majaji hao hao walieleza wasiwasi wao kwamba hapakuwa na mwongozo wa kutosha juu ya uzito unaopaswa kupewa hukumu ya kuachiwa huru, wala juu ya namna waajiri wanavyozitumia habari za aina hiyo.

Msimamo wa kisheria uliomshinda AR una mantiki yake. Kesi ya jinai hudai uthibitisho usioacha shaka, na baraza linaposema mshtakiwa hana hatia halisemi kwamba tukio halikutokea, bali kwamba upande wa mashtaka haukufikia kipimo hicho. Kumkabidhi mtu darasa la watoto ni uamuzi wa aina nyingine kabisa, wenye kipimo cha chini zaidi, na hakuna mtu mwenye haki ya kuajiriwa katika kazi fulani kama alivyo na haki ya kutofungwa gerezani bila ushahidi. Mahakama Kuu ya Kenya ilifuata mkondo unaokaribiana na huo mwaka 2015, katika kesi iliyofunguliwa kwa ajili ya wasichana wawili waliodai kunajisiwa na mwalimu wao. Mwalimu huyo alikuwa ameachiwa huru katika kesi ya jinai. Jaji Mumbi Ngugi aliona kwamba hukumu hiyo haikuwazuia wasichana kudai haki zao katika shauri la madai, ambalo kipimo chake ni uzito wa ushahidi tu, akawapa fidia ya jumla ya shilingi milioni 5 na kuibebesha Tume ya Huduma za Walimu, TSC, sehemu ya dhamana hiyo.

Kesi hizi mbili hufanana kwa juu, na wanaotetea vyeti vya kina wangeweza kuzitaja kwa pamoja. Tofauti yake ni kubwa mno kuipita hivi hivi. Katika kesi ya Kenya jaji alisikiliza upya: aliupokea ushahidi, akaupima kwa kipimo kilichotajwa wazi, akaandika sababu, na aliyeshindwa angeweza kukata rufaa. Katika kesi ya AR hakuna aliyesikiliza upya. Ofisa wa polisi alisoma jalada, akaona habari inahusika, akaiandika kwenye cheti, na aliyeipokea akaachwa ajiamulie. Kwa hiyo hoja ya kwamba kipimo cha chini kinatosha ni sahihi, lakini inadai kwamba awepo mtu anayekitumia kipimo hicho.

Je, mwalimu mkuu anaweza kuwa mtu huyo? Anachopewa ni aya chache. Hana maelezo ya mlalamikaji, hana mwenendo wa kesi, hawezi kumwita shahidi, na mara nyingi ana waombaji wengine ambao vyeti vyao ni safi. Akimkataa mwenye doa hatadaiwa maelezo, ilhali akimchukua na jambo likatokea, swali la kwanza atakaloulizwa ni kwa nini alipuuza onyo. Hapo methali ya lisemwalo lipo, na kama halipo laja, inageuka kuwa sera ya ajira bila mtu yeyote kuipitisha. Jaji Lord Neuberger aliliona hilo mapema, katika shauri la 2009 la mama mmoja aliyekuwa akiwaangalia wanafunzi wakati wa mapumziko ya mchana. Cheti chake kilitaja kwamba mwanawe aliwahi kuwekwa katika orodha ya watoto wanaohitaji ulinzi na kwamba yeye hakushirikiana na maofisa wa ustawi wa jamii, na akapoteza kazi. Mahakama ilikataa rufaa yake, lakini ilisema wazi kwamba habari mbaya katika cheti cha aina hii karibu humaliza kabisa matumaini ya mwombaji, na kwamba usalama wa watoto na heshima ya mwombaji vinapaswa kuanza vikiwa na uzito sawa, bila kimoja kudhaniwa kuwa juu ya kingine.

Upande wa watoto una hoja nyingine ambayo watetezi wa haki za watuhumiwa huigusa haraka kuliko inavyostahili. Unyanyasaji wa kingono hufanyika bila mashahidi, na mtoto mara nyingi hakai chini na kusema siku ileile wala mwaka uleule. Tume kubwa ya uchunguzi iliyoongozwa na Profesa Alexis Jay, iliyomaliza kazi yake Oktoba 2022, ilisikia kutoka kwa watu wazima wengi waliokaa kimya kwa miongo kadhaa. Tuhuma inapochelewa, ushahidi wa kitabibu haupo na kumbukumbu zimefifia, hivyo uwezekano wa kupata hukumu hupungua kwa sababu zisizohusiana na ukweli wa tuhuma yenyewe. Tukisema kwamba kisichothibitishwa mahakamani hakipo, tutakuwa tunawapa nafuu hasa wale waliofanikiwa kuwanyamazisha watoto kwa muda mrefu. Kwa sababu hiyo siungi mkono kufutwa kwa kumbukumbu za tuhuma eti kwa kuwa ni za zamani. Kilichowashinda polisi wa Humberside ni kuziweka tuhuma kadhaa, kutoka kwa walalamikaji mbalimbali, mahali pamoja na kuuona mwelekeo wake, na mwelekeo hauonekani pale kila jalada linapofungwa na kutupwa peke yake.

Ila mwelekeo ndio hasa usioonekana katika cheti. Tuhuma moja iliyosikilizwa na baraza na kukataliwa haipaswi kuwa na uzito sawa na tuhuma tano ambazo hazikuwahi kusikilizwa, zilizotolewa na watu wasiofahamiana katika miaka tofauti. Mtu mwenye jalada kamili anaweza kuipima tofauti hiyo, akauliza kama walalamikaji walijuana, kama palikuwa na ugomvi wa ndoa au wa malezi nyuma ya madai, kama polisi walichunguza kweli au walifunga jalada kwa uvivu. Mwalimu mkuu mwenye aya tatu hawezi.

Kinachoshangaza ni kwamba shule zenyewe zimewekewa utaratibu wa tahadhari kuliko huu. Mwongozo wa serikali ya England kuhusu usalama wa watoto shuleni unazitenganisha tuhuma zilizothibitika, za uongo, za nia mbaya, zisizo na msingi, na zile ambazo ushahidi wake haukutosha kuamua upande wowote. Za uongo na za nia mbaya huondolewa kwenye jalada la mtumishi, na nyingine hutunzwa hadi umri wa kustaafu au kwa miaka 10, kipi kirefu zaidi, lakini shule inapomwandikia mtumishi barua ya kumtambulisha kwa mwajiri mpya, haitakiwi kutaja tuhuma ambayo haikuthibitika. Tangu 2012 imekuwa pia ni kosa England na Wales kuchapisha habari zitakazomtambulisha mwalimu aliyetuhumiwa kumtendea mwanafunzi wake kosa la jinai kabla hajashtakiwa rasmi. Basi tuhuma ileile ambayo mwalimu mkuu wa zamani amekatazwa kuitaja katika barua yake, polisi wanaruhusiwa kuiandika katika cheti. Wenye kuitetea hali hii watasema kwamba polisi wana uwezo wa kuchuja ambao shule hazina. Nakubali kwamba wanao, lakini wakishachuja, kazi ya kupima inarudishwa kwa mwalimu mkuu ambaye sheria imekiri kwamba hapaswi kuachiwa uzito huo.

Njia nyingine ipo, na iko ndani ya taasisi ileile. DBS hutunza orodha ya watu waliopigwa marufuku kufanya kazi na watoto, na inaweza kumweka mtu humo hata kama hakuwahi kutiwa hatiani, mradi iridhike kwa uzito wa ushahidi kwamba alitenda jambo lililomdhuru au lingeweza kumdhuru mtoto. Kabla ya uamuzi, mhusika hupewa nafasi ya kujitetea kwa maandishi, na akishindwa anaweza kukata rufaa mahakamani. Kwa maoni yangu, hapo ndipo tuhuma za zamani zinapostahili kupelekwa, na tuhuma isiyoweza kufikia hata kipimo hicho cha chini haipaswi kuonekana na mwajiri. Pingamizi linalonipa shida ni kwamba marufuku hukata moja kwa moja, wakati maisha ya shule yana hatua za kati: mwalimu mkuu aliyearifiwa anaweza kumwajiri mtu kwa usimamizi wa karibu, au kutompa zamu za bweni. Ni hoja nzuri, lakini inamtegemea mwalimu mkuu asiyeogopa lawama, na sidhani kwamba sera ya nchi ijengwe juu ya ushujaa wa mtu mmoja ofisini.

Kuna kikomo kingine kinachosahaulika katika ubishi huu wote. Mmarekani William Vahey alitiwa hatiani California mwaka 1969 kwa kosa la kuwadhuru watoto, akafundisha katika shule za kimataifa za nchi mbalimbali kwa miongo kadhaa, ikiwemo shule moja ya London, na ukweli ulifahamika mwaka 2014 tu. Yake haikuwa tuhuma tupu, ilikuwa hukumu, na bado haikuonekana kwa sababu ilikuwa katika nchi nyingine. Uingereza sasa hutoa cheti maalumu kwa wale waliowahi kuishi huko wanaotaka kufanya kazi na watoto ng'ambo, na shule za kimataifa za Nairobi au Dar es Salaam zina kila sababu ya kukidai.

Kwa Kenya, ambako cheti cha tabia njema cha polisi hutegemea alama za vidole na kumbukumbu za hukumu, uzito wa tuhuma zisizofika mahakamani umebaki kwenye taratibu za nidhamu za TSC. Tume hiyo inaweza kumsikiliza mwalimu na kumfuta katika rejista bila kungoja hukumu ya jinai, na kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kufundisha bila kusajiliwa, uamuzi wake unazibana hata shule binafsi. Kimsingi huu ni ule utaratibu ninaoupendekeza: chombo kimoja, usikilizaji, uamuzi wenye sababu. Lakini rejista hiyo ni ya walimu peke yao. Matroni wa bweni, dereva wa basi la shule, mpishi na mlinzi wa lango hawamo ndani yake, na kwao hakuna tume inayokusanya malalamiko kutoka shule moja hadi nyingine wala inayowapa nafasi ya kujibu uvumi unaowafuata.