Baka jeupe mdomoni linahitaji tarehe ya kurudi

Wengi wetu tunaoishi Uingereza tunaamini kwamba huku saratani ya kinywa hugunduliwa mapema kwa sababu ya mashine. Si mashine. Daktari wa meno hukagua kwa taa, kioo kidogo na vidole vyenye glovu, na hivyo vyote vipo Mombasa, Unguja na Mwanza. Tofauti ni kwamba huku mtu huitwa akaguliwe hata kama haumwi, na akikutwa na baka haondoki bila tarehe ya kurudi. Kwetu mtu huenda jino likishamkosesha usingizi, linang'olewa, basi. Na baka la hatari mara nyingi haliumi.

Baka jeupe lisugue kwa kitambaa safi cha pamba. Likitoka na kuacha wekundu, huenda ni fangasi: tumia dawa ya fangasi, kisha litazamwe tena baada ya wiki mbili. Lisipotoka, tafuta jino lenye ncha au meno ya bandia yanayokwaruza, yasawazishwe, halafu subiri siku 14. Likibaki vilevile, likatwe kipande likapimwe. Baka jekundu, au jeupe lenye madoa mekundu, usilisubirishe hata kidogo, maana mengi ya mabaka mekundu yakipimwa hukutwa tayari yana seli zilizoharibika au saratani yenyewe. Kidonda kisicho na sababu kikipita wiki 3, nacho kiende hospitali haraka.

Mabaka mengi meupe hayageuki kuwa saratani, lakini machache hugeuka, ndiyo maana yanafuatiliwa. Hofu huzidi baka likiwa ubavuni mwa ulimi au chini yake, likizidi milimita za mraba 200, au likiwa na uso wa mikwaruzo na vinundu. Hilo huangaliwa kila miezi 3 hadi 6. Simu ya kawaida inatosha kutunza kumbukumbu, ila picha nyingi tunazotumiwa na ndugu hazina faida: mate yanameta kwa mwanga wa simu, baka linaonekana kubwa kuliko lilivyo, na hakuna kipimo. Kausha mate kwanza. Kaa karibu na dirisha mchana, shika ncha ya ulimi kwa kitambaa, uvute pembeni, weka rula kando ya baka, na upige picha upande uleule kila mara. Kisha papasa kwa kidole, kwa sababu ugumu chini ya baka hauonekani kwenye picha. Papasa na shingo pia, chini ya taya.

Kwenye kukata kipande ndipo nyumbani panapovuja. Kinakatwa katikati ya weupe ulio laini wakati sehemu nyekundu au ngumu ipo pembeni. Kinakuwa chembamba mno, hivyo mpimaji haoni kama seli zimevuka kwenda chini. Au kinatiwa kwenye maji ya chumvi na kufika maabara kimeoza. Kinatakiwa formalini (dawa ya kuhifadhi vipande vya mwili) ya asilimia 10, angalau mara kumi ya ujazo wa kipande, na chupa iandikwe jina, tarehe na mahali kilipotoka. Hata baka likiondolewa lote, ufuatiliaji unaendelea, kwani jingine linaweza kuota mahali pengine mdomoni.

Kwenye tambuu, yaani jani linalotafunwa pamoja na kokwa la popoo, madaktari wa pwani wanatushinda. Huku mgonjwa huulizwa kama anavuta sigara, anajibu hapana, mambo yanaishia hapo, na popoo linauzwa Leicester dukani. Mwambie daktari wako bila kuulizwa. Kutafuna bila tumbaku si kinga: shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilichapisha mwaka 2004 uamuzi kwamba popoo lenyewe husababisha saratani. Pia hukakamaza mashavu mpaka mdomo usifunguke. Vidole vyako vitatu vikiacha kuingia kati ya meno ya mbele, upana wa mdomo unavyofunguka uandikwe kwa milimita kila ziara, maana kupungua kidogo kidogo hakukumbukiki kichwani.

Tusijidanganye kwamba huku kumekamilika. England sasa kupata daktari wa meno wa NHS, huduma ya afya ya umma, ni kazi, na wapo wenzetu wanaokaa miaka bila kukaguliwa. Lakini utaratibu wa kumwita mtu unaweza kuhamishwa bila kununua chochote. Kliniki za CTC Tanzania, yaani za matunzo na tiba ya VVU, zimezoea kuwatafuta wagonjwa wa VVU wanaokosa miadi. Kitengo cha meno cha hospitali ya wilaya kinaweza kufanya vilevile kwa daftari moja: jina, namba ya simu ya mgonjwa na ya ndugu mmoja, mahali lilipo baka, ukubwa wake kwa milimita, namba ya kipande kilichopelekwa maabara, tarehe majibu yaliposomwa, na tarehe ya kurudi. Muuguzi mmoja apitie daftari hilo kila Ijumaa na kuwapigia ambao hawakutokea.